SAHIHI HII NI YA NANI?

Mshahara tunaupata hapa Sultan Hamud, lakini tegemeo letu ni zile ekari chache zenye hati. Karo ikitushinda, hati ndiyo tunayoipeleka rehani.

Wako wenzetu wanaoamini kwamba shamba haliuzwi mpaka mdai ashinde kesi. Sivyo. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, mkopeshaji anaweza kuuza pasipo kwenda kortini. Deni likikaa mwezi mmoja bila kulipwa, analeta notisi ya miezi isiyopungua mitatu. Halafu inakuja notisi ya kuuza, ya siku 40, na dalali naye hutoa siku 45. Ukinyamaza muda huo wote, hakuna hakimu atakayeuliza sahihi iliyo chini ya hati ya rehani ni ya nani. Lazima uende Wote wewe mwenyewe ukaulize, tena kabla ya mnada.

Kusema tu "sikutia sahihi mimi" hakutoshi. Sheria ya Ushahidi, fungu la 107, humtaka anayedai jambo alithibitishe. Lakini fungu la 70 lataka sahihi ithibitishwe kuwa ni mwandiko wa yule anayetajwa, na fungu la 76 huruhusu korti kuilinganisha na sahihi nyingine zake za kweli. Basi tafuteni karatasi za mwaka ule ule: orodha ya mshahara, fomu ya likizo, kitabu cha akiba. Vile vile, atiaye sahihi hati ya rehani hutakiwa kufika mbele ya msajili au wakili atambulike. Ni wakili gani huyo, na ilikuwa siku gani? Ikiwa siku ile ulikuwa zamu, daftari la kazini litasema.

Nyumba mnayokaa na mkeo haiwekwi rehani bila yeye kutia sahihi au kuonyesha idhini yake. Huyu mara nyingi haulizwi, na hapo ndipo wajanja hupitia. Shamba la kilimo nalo lahitaji idhini ya Bodi ya Ardhi.

Hatumtetei aliyekopa, akala fedha, kisha akakana mwandiko wake. Huyo na alipe.

Lakini wewe usiyejua deni, chukua nakala ya hati ya rehani katika ofisi ya ardhi, na notisi uilete chamani siku ile ile ifikapo, pamoja na bahasha yake.