Pampu Isihukumiwe Kabla ya Kuulizwa

Ndugu msomaji, barua ninayoijibu leo imeandikwa na baba mmoja anayemiliki Datsun 240Z, gari la mbio la viti viwili alilorithi kwa marehemu baba yake. Anasimulia kwamba alipokuwa akipanda mlima pamoja na mwanawe wa miaka 12, gari lilianza kukohoa, likaishiwa nguvu, kisha likazimika. Walipopumzika kidogo likawaka, likaenda mwendo mfupi, likazimika tena. Fundi mmoja aliyekuwa akipita njia akafungua boneti, akatazama kwa muda usiozidi dakika moja, akatoa hukumu: pampu ya petroli imekufa. Kisha akamwambia yule mtoto achukue mpira na kunyonya petroli kutoka tangini, ili wajaze dumu litakalofungwa juu ya paa, petroli iteremke yenyewe hadi kwenye kabureta. Baba mtu akakataa, na gari likavutwa hadi nyumbani. Sasa anauliza mambo mawili: je, alikosea kukataa? Na je, anunue pampu mpya?

Swali la kwanza nalijibu mara moja. Hukukosea, ndugu yangu. Petroli ikiingia kinywani huteleza upesi hata mapafuni, na kiasi kidogo tu chatosha kuyadhuru vibaya. Mtu aliyeimeza asitapishwe, maana katika kule kutapika ndipo nyingine huingia mapafuni. Na apelekwe hospitali bila kukawia. Ama hilo dumu la juu ya paa, ni hatari juu ya hatari. Katika injini ya 240Z kabureta zote mbili zimekaa ubavu mmoja na bomba la kutolea moshi, tena juu yake. Mpira ukichomoka, petroli humwagika juu ya chuma kilichopata moto, na hakuna wa kuizuia. Gari linaweza kununuliwa tena, mtoto hanunuliwi.

Swali la pili lataka subira. Gari hili si geni katika nchi zetu. Lilitengenezwa Japani kuanzia mwaka 1969 hadi 1973, lina injini ya silinda 6 yenye ujazo wa lita 2.4, na wazee watakumbuka kwamba ndilo lililoshinda mbio za Safari ya Afrika ya Mashariki mwaka 1971, likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973, likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Gari lililostahimili vumbi na matope ya mbio zile halistahili kuhukumiwa kwa kutazamwa dakika moja.

Pampu yake ya asili haitumii umeme. Imefungwa ubavuni mwa kichwa cha injini, upande wa kulia, mbele. Ndani yake mna kiwambo, mfano wa ngozi ya ngoma, na mkono mdogo unaosukumwa na kemshafti kila inapozunguka. Mkono ukikivuta kiwambo, petroli hunyonywa kutoka tangini. Springi ikikirudisha, petroli husukumwa kwenda kwenye kabureta. Vali mbili ndogo huizuia isirudi ilikotoka. Kazi hiyo ni nyepesi: msukumo wake ni kiasi cha ratili 3 hadi 4 tu kwa inchi ya mraba. Basi pampu hunyonya kwa upande mmoja na kusukuma kwa upande wa pili, na anayetafuta ubovu hana budi kuzichunguza pande zote mbili kabla ya kuilaumu.

Fuata safari ya petroli tangu mwanzo. Kwanza, hakikisha imo tangini, wala usiuamini mshale wa geji katika gari lililotimiza miaka hamsini. Pili, injini inapozimika, legeza kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu kuingia ndani, na gari likaendelea vema baada ya hapo, basi njia ya kupumulia tangi imeziba. Pampu ilikuwa ikivutana na tangi lisilotaka kutoa. Tatu, tazama chujio la petroli. Tangi la kale hufanya kutu, na kutu hiyo husafiri mpaka ikaziba chujio.

Nne, na hapa ndipo wengi hukosea, kagua mipira yote iliyo kati ya tangi na pampu. Mpira wa upande wa kusukuma ukipasuka, petroli hudondoka na kila mtu huiona. Lakini mpira wa upande wa kunyonya ukipasuka, huenda pasionekane hata tone moja. Badala ya petroli kutoka nje, hewa ndiyo huingia ndani. Pampu hunyonya hewa, kabureta hukauka, na asiye na hatia hubeba lawama. Mlimani shida hiyo huzidi, kwa kuwa injini hutaka petroli nyingi, na tangi lililo nyuma huwa chini zaidi ya pampu. Ndiyo maana gari hukubali kwenda katika tambarare na kugoma penye mwinuko.

Baada ya hayo ndipo iulizwe pampu yenyewe. Fanya kazi hii nje, injini ikiwa imepoa, pasiwe na sigara, jiko wala taa ya moto karibu, na ndoo ya mchanga iwe tayari. Ondoa waya mwembamba wa koili ili cheche zisiruke. Chomoa mpira unaotoka kwenye pampu kwenda kwenye kabureta, uuelekeze ndani ya kopo safi la bati, kisha mtu mmoja azungushe stata kwa muda wa sekunde kumi. Petroli ikitoka kwa mapigo yenye nguvu na yanayofuatana, pampu ni nzima. Ikitoka na mapovu mengi, rudi kwenye mipira ya nyuma. Isipotoka kabisa, tumbukiza mpira wa kuingizia katika chombo kingine chenye petroli safi na urudie. Ikitoka sasa, kosa liko nyuma ya pampu. Isipotoka, kosa liko ndani yake.

Iko dalili nyingine isiyofaa kupuuzwa. Chomoa kijiti cha kupimia oili unuse. Oili ikinuka petroli, au ikiwa imezidi kipimo bila kuongezwa, yawezekana kiwambo kimepasuka na petroli inashukia ndani ya injini. Usiliwashe gari tena hata kidogo mpaka pampu ibadilishwe na oili imwagwe, kwa maana oili iliyochanganyika na petroli hailindi chuma.

Neno la mwisho ni kwa wale wanaopenda kufunga pampu ya umeme itokayo katika gari la kisasa. Pampu za injini zinazopulizia petroli kwa nozeli aghalabu husukuma mara kumi zaidi ya hii ya zamani. Sindano ndogo ya kabureta haiwezi kuuzuia msukumo huo. Petroli hufurika, na chini yake, kama nilivyokwisha kusema, pana bomba la moto. Ikiwa huna budi kutumia umeme, tafuta pampu iliyotengenezwa kwa ajili ya kabureta, na ifungwe kwa swichi itakayoizima injini inaposimama.

Maelezo haya nilimpelekea ndugu yetu kabla ya kuyaandika hapa, na juzi nimepata majibu yake. Chujio lilikuwa safi, kifuniko cha tangi hakikuwa na kosa, na oili haikunuka. Walipochomoa mpira wa pampu, petroli ilitoka imejaa mapovu. Yeye alilala chini ya gari upande wa nyuma, na mwanawe akamshikia kurunzi. Ni mtoto aliyeuona ufa, mwembamba kama unywele, mahali ambapo mpira umevikwa kwenye bomba la tangi. Waliukata wote, wakafunga mpira mpya wa petroli na vibano vipya, na mlima ule ule wameupanda bila gari kukohoa. Pampu ya babu ingali ikifanya kazi.

Mtoto yule alikuwa apewe mpira anyonye petroli. Baba yake amempa kurunzi, naye amejifunza kutafuta chanzo cha jambo kabla ya kutoa hukumu. Urithi huo wapita gari.

Hadi Jumapili ijayo, nawatakieni safari njema.