SEHEMU YA 6: Umefuta picha za mwanao, lakini bado zipo

Mama zangu, leo homa na chanjo naziweka pembeni. Naomba unisome mpaka mwisho, hasa wewe unayetaka kubadilisha simu mwisho wa mwezi.

Mwaka jana nilinunua memori kadi ya mtumba, bei chee, na ilikuwa tupu kabisa. Mdogo wangu anayejifunza ufundi akaipitisha kwenye programu ya bure ya kurudisha mafaili, kwa kujaribu tu. Zikatoka picha. Kichanga kinaogeshwa. Kadi ya kliniki, majina yote yanasomeka. Halafu kidonda cha oparesheni, cha mzazi wa siku chache. Hiyo niliijua hapohapo: ni zile picha mnazotutumia manesi usiku, "dada nesi, kidonda kinatoa maji, ni kawaida?" Yule mama alishazifuta, alijua zimeisha. Kadi tuliivunja usiku uleule.

Jamani, kufuta siyo kuondoa. Ukifuta picha kwenye memori kadi, kinachotoka ni mstari kwenye rejista unaosema picha iko wapi. Ni kama kukata jina la mgonjwa kwenye rejista ya wodi, wakati mwenyewe bado amelala kitandani. Atatoka tu pale kitanda kitakapopewa mtu mwingine.

Sasa maoni yangu, na najua mafundi watanisema: tusichague njia ya kufuta kwa kuangalia ipi ni ya haraka, tuchague kwa aina ya kifaa. Wodini shuka tunafua, mkasi unaenda kwenye otoklevu, sindano iliyotumika haioshwi, inaingia kwenye sefti boksi ikachomwe. Hakuna dawa moja ya vyote.

1. LAPTOPU YENYE HADI DISKI (ile ya kuzunguka). Hii inafutwa kwa kuandika juu yake yote, mwanzo mpaka mwisho. Wengine watakutisha kwamba lazima mara 35. Hiyo namba inatoka kwenye makala ya Peter Gutmann ya 1996, enzi za diski za zamani. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, kwenye mwongozo wake wa 2014 inasema mara moja kwa kawaida inatosha. Kwenye Windows, formati kamili inafanya kazi hiyo, ila ile ya haraka haifanyi. Diski kubwa inachukua masaa. Fundi akikumalizia kwa dakika moja, huyo amekata jina kwenye rejista tu.

2. LAPTOPU YA SSD. Hapa kuandika juu hakuaminiki, kwa sababu SSD inahamisha data yenyewe na kuna sehemu zinabaki bila kuguswa. Mwambie fundi atumie amri ya kufuta iliyowekwa na mtengenezaji wa hiyo SSD. Kama hajui unaongelea nini, tafuta mwingine.

3. SIMU. Hapa kuna nafuu. iPhone, na simu zote zilizotoka kiwandani na Android 10 (2019) kwenda mbele, zinahifadhi data ikiwa imefungwa kwa ufunguo. Ukiriseti, ufunguo unaharibiwa, kilichobaki hakisomeki. Kwanza hamisha picha unazozitaka, ondoa akaunti zako, ndipo uriseti. Na TOA MEMORI KADI na laini! Wengi mnasahau hapo.

4. MEMORI KADI NA FLESHI. Hizi kwangu ni sindano. Usiuze, usigawe. Kadi ikate vipande. Fleshi ifungue uvunje kile kidude cheusi cha ndani, siyo ganda tu.

Simu iliyokufa, haiwaki? Haiwezi kurisetiwa, lakini data bado ipo. Usimpe mnunuzi wa simu mbovu. Ikae kabatini mpaka umpate fundi wa kuitoa betri na kuvunja ubao mbele yako. Usiipige nyundo ikiwa na betri wala usiichome moto, betri inalipuka na moshi wake ni sumu kwa watoto.

Kuna atakayesema, "mimi mtu wa kawaida, nina nini cha kuficha?" Mama, wewe labda huna. Lakini huyo kwenye picha ya beseni ni mwanao, na hakuulizwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na taarifa za afya inaziita nyeti. Ila sheria haitakwenda sokoni kukurudishia kadi uliyoiuza kwa elfu tano.

Leo ukirudi nyumbani fungua ile droo ya simu za zamani. Hesabu zipo ngapi, na ngapi zina picha za mtoto. Niandikie hapo chini, na mtumie mwenzio anayetaka kuuza simu.

Sehemu ya 7 tunarudi kwenye kitovu cha mtoto. Nawapenda, naingia shifti ya usiku.