Mbwa wa Mbegu Safi? Lete Cheti

Mwenye stoo ya vitambaa Eastleigh, Nairobi, akitafuta mbwa wa kulinda usiku, wauzaji watamwimbia wimbo mmoja: huyu ni German Shepherd halisi. Ataonyeshwa mgongo mweusi na pua ndefu, kisha atatajiwa bei ya kumtoa jasho. Msimamo wetu ni mfupi. Asiye na cheti na auze kwa bei ya chotara.

Sura ya mtoto wa mbwa haithibitishi kitu. German Shepherd wa miezi miwili masikio yake kwa kawaida bado yamelala; husimama baadaye, hata mwezi wa tano au wa sita. Rangi nayo hugeuka akikua. Mbwa mzima pia hutatanisha. Watafiti wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, katika kitabu chao cha mwaka 1965, walieleza walivyochanganya basenji, mbwa wa asili ya Kongo, na cocker spaniel. Wajukuu walitoka kila mmoja na umbo lake, na wengi wao usingeweza kukisia babu zao ni wepi.

Usafi wa mbegu uko kwenye daftari. Mwaka 1899 Mjerumani Max von Stephanitz alinunua mbwa mmoja wa wachunga kondoo, akampa jina Horand, akamwandika wa kwanza katika kitabu cha chama chake kipya. Ukoo wote wa German Shepherd unahesabiwa kuanzia hapo; kabla ya kuandikwa, Horand alikuwa mbwa wa malishoni tu. Na daftari lililofungwa linaweza kufunguliwa. Mwaka 1990 chama kikuu cha mbwa cha Marekani kiliwaandikisha basenji waliotolewa vijijini Zaire, wasio na karatasi yoyote, kwa sababu damu ya waliokuwamo ilikuwa imebana mno na maradhi ya kurithi yamezidi. Jambo hili halihitaji maelezo marefu Eastleigh, ambako mtoto wa Kisomali hufundishwa abtirsi, yaani kutaja majina ya mababu zake mmoja baada ya mwingine. Nasaba hutajwa, haikisiwi kwa kutazama pua.

Hapa Kenya daftari hilo linashikwa na East Africa Kennel Club. Mnunuzi na adai cheti cha mtoto mwenyewe, maana nakala ya cheti cha baba yake haitoshi. Alinganishe namba, mtoto akiwa na chipu chini ya ngozi isomwe, na amwone mama wa mtoto huyo. Kisha apige simu chamani kuuliza kama uzao huo umeandikishwa. Muuzaji anayekasirika kwa sababu ya simu hiyo amekwisha kujibu.

Wapo wanaosema siku hizi kuna kipimo cha vinasaba. Kipo, lakini hulinganisha tu damu ya mbwa wako na ya mbegu zilizomo katika hazina ya maabara. Hakimwandikishi mbwa popote. Na majibu yake huweza kumuumbua tajiri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu mbwa wa mitaani na vijijini wa Misri, Uganda na Namibia ulionyesha kuwa wale wa Uganda kwa sehemu kubwa ni wa asili ya Afrika hasa, ilhali Rhodesian Ridgeback, anayetukuzwa kama mbwa wa Kiafrika, amejaa damu ya kigeni. Mbwa koko tunayemfukuza kwa mawe huenda ana nasaba ya hapa zaidi kuliko Ridgeback.

Hatuna ugomvi na chotara. Soja wa usiku anahitaji mbwa anayebweka na kumtii, na basenji, pamoja na usafi wake wote, anajulikana kwa kutobweka. Ugomvi wetu ni na bei ya uongo, na zaidi na kadi ya chanjo inayokosekana. Wakazi wengi wa Eastleigh ni Waislamu. Mbwa wa ulinzi kwao ni ruhusa, ila hakai sebuleni. Atakaa langoni, wapitapo watoto wa madrasa na wachuuzi. Hapo kinachohesabika kuliko ukoo ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Kenya ina sheria maalumu ya ugonjwa huo, na mpango uliozinduliwa mwaka 2014 unalenga kumaliza vifo vyake kwa binadamu ifikapo 2030.

Kaunti ya Nairobi inaweza kuanza na wanaouza watoto wa mbwa kandokando ya barabara. Mtoto wa wiki sita hastahili kuwa pale. Angali na haja ya mama yake. Aliyefikisha miezi mitatu awe na kadi ya chanjo iliyotiwa sahihi na daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Kadi isipokuwepo, asiuzwe, hata akiwa na cheti cha ukoo mpaka kwa Horand.