Beni na Butembo: risasi ya kujijazia si ulinzi

Tangu mauaji ya Oktoba 2014 katika eneo la Beni, kuna vijana walioona afadhali kujilinda wenyewe, hata kwa bunduki ya kuwindia ya kaliba 12. Risasi zikikosekana, wako wanaojijazia maganda kwa mkono, tena wanachagua risasi nzito wakidhani uzito ndio usalama.

Hapana. Baruti ikikadiriwa kwa jicho na uzito ukizidi, mtutu unaweza kupasuka usoni mwa aliyeushika. Na hata ikitoka vizuri, risasi nzito haisimami kwa adui. Porini mwindaji anaihitaji kwa nyati. Mtaani inapita ukuta wa mbao na turubai, na nyuma yake amelala mtoto wa familia iliyokimbia Kanyabayonga mwezi wa 6, 2024.

Lakini kulaumu vijana peke yao si haki. Jimbo liko chini ya uongozi wa kijeshi tangu Mei 2021. Doria zikionekana usiku mpaka vijijini, nani atabaki akijaza maganda? Vijana waache risasi hizo. Jeshi na polisi wawape sababu ya kuziacha.