Gobele ya bei chini, Ruzizi imejaa takataka: nani analipa?

Jumamosi yoyote yenye ndoa, iwe Bukavu, Goma, Uvira ao Butembo, mambo yanaenda namna moja. Zamani familia ilikodi sahani na vikombe, na wamama wa mtaa walikesha nyuma ya nyumba wakiviosha. Siku hizi wanatuma kijana kwenye depo, anarudi na paketi za gobele nyeupe pamoja na barketi za kuwekea wali na nyama. Sherehe ikiisha, vyote viko kwenye mfereji. Mvua ya kwanza inavibeba, na sisi wakaaji wa kando ya Kivu tunajua inavipeleka wapi: ziwani, kiisha kwenye mlango wa baraji ya Ruzizi.

Juu ya sashe tumeongea mingi, hata kwenye redio yetu. Juu ya gobele hatuongei, ni kama vile si plastiki. Kumbe biashara yake njo ile inayokua mbele ya macho yetu: gobele, barketi, poti ya yawurti, kifuniko cha gato, hata plaketi ya vidonge unayopewa ku farmasi. Vyote ni watoto wa baba mmoja. Vinatoka kwenye kazi ambayo wenye viwanda wanaiita termofomaji, ni kusema kuunda plastiki kwa joto. Wanakamata karatasi ndefu ya plastiki iliyokunjwa kama rulo ya kitambaa, wanaipitisha kwenye joto mpaka inalegea, kiisha hewa inaivuta ao inaisukuma ndani ya kalibu. Inapoa sekunde chache tu, kisu kinakata, na makumi ya gobele yanatoka kwa pigo moja. Mabaki ya ile karatasi yanaweza kufika theluthi ao zaidi, lakini hayatupwi: yanasagwa na kurudi kwenye mashine. Mwenye kiwanda hawezi kupoteza hata gramu. Kupoteza kunaanzia kwetu.

Tufanye hesabu kidogo. Gobele ya kawaida ya kunywea maji iko na uzito wa gramu 2 mpaka 4. Kilo moja ya plastiki inatoa basi gobele zaidi ya 250, hata 500 zikiwa nyembamba. Kwenye soko la dunia, toni moja ya hiyo plastiki inauzwa mara nyingi kati ya dola 900 na 1500. Ukigawanya, plastiki iliyo ndani ya gobele ya gramu 3 haifiki nusu ya senti ya dola. Kwa feza yetu ni kama franka 10, na noti ya franka 10 hakuna mtu atakayeipokea sokoni leo. Zingine zote unazolipa ni mashine, barabara, duane, takse na faida ya kila mkono ambamo paketi imepita.

Na barabara njo inakula sana. Gobele ni nyepesi lakini inakamata nafasi. Konteneri inajaa kabla uzito haujafika, ni kama unalipa kamyo ili ibebe hewa. Sababu ya hiyo, kokote duniani viwanda vya gobele vinapenda kukaa karibu na wanunuzi; wanaleta plastiki ya punje ao ya rulo kutoka mbali, kiisha wanaunda hapohapo. Kwetu mashariki mambo ni kinyume. Kinshasa ni mbali kuliko Kampala, na hakuna barabara ya kutufikisha huko. Kwa hiyo vitu vinaingia vikiwa tayari: kutoka inchi za jirani, ao kutoka China kwa kupitia bandari ya Mombasa na ya Dar es Salaam, kiisha Kasindi kwa watu wa Beni na Butembo, Mahagi kwa watu wa Ituri, Kavimvira kwa watu wa Uvira. Wafanyabiashara wa Butembo wanajua njia ya Guangzhou kama vile wengine wanajua njia ya shamba.

Bei ya hiyo plastiki inafuata mafuta ya petroli na gazi, sababu inatoka humo. Mwaka 2022, vita ya Urusi na Ukraine ilipoanza, pipa la petroli lilipita dola 120, na kila kitu cha plastiki kilipanda. Tangu hapo mambo yamegeuka. China, ambayo zamani ilikuwa inanunua plastiki nje, imejenga viwanda vingi sana vya polipropileni, ile plastiki ya viti, beseni na gobele, mpaka leo inatafuta mahali pa kuuza inayobaki. Viwanda vya Ulaya vinalia, vingine vinafunga. Mali ikiwa mingi na wanunuzi wachache, inashuka mpaka kwa yule mwenye kununua rejareja. Na yule njo sisi.

Kuna sababu ya pili inayosukuma gobele kuja huku: kwingine milango inafungwa. Ufaransa ilikataza kuuza gobele na sahani za plastiki za kutupa tangu tarehe 1 Januari 2020. Umoja wa Ulaya ulifuata tarehe 3 Julai 2021 kwa sahani, uma, mirija, na yale makopo meupe ya povu ya kuwekea chakula. Jirani yetu Rwanda, ambayo ilikataza sashe kwa sheria ya mwaka 2008, iliongeza sheria ingine mwaka 2019 juu ya vitu vya plastiki vya kutumia mara moja. Ukivuka kutoka Goma kwenda Gisenyi, ao kutoka Bukavu kwenda Rusizi, unapiga hatua chache tu na unaingia kwenye inchi ambamo paketi yako ya gobele ni kosa. Lakini ziwa halina mpaka. Gobele iliyotupwa upande huu inaelea mpaka upande ule bila kuonyesha jeto.

Na sisi je, hatuna sheria? Tuko nayo. Dekreti nambari 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017 inakataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko, sashe, filamu na vifungashio vingine vya plastiki. Soma vizuri lile neno la mwisho, vifungashio. Poti iliyo na yawurti ndani ni kifungashio, hakuna ubishi. Je, gobele tupu, iliyopangwa katika paketi ya hamsini, ni kifungashio cha nini? Anayeuza atakuambia ni chombo, kama vile kikombe. Anayekamata atakuambia ni plastiki. Katikati ya hao wawili unajua kinachopita. Kwa maoni yangu, sheria inayoacha nafasi ya namna hiyo hailindi ziwa; inalinda mfuko wa yule anayekutana na mama kwenye soko la Kadutu akiwa na beseni yake kichwani. Konteneri nzima ilipita mpakani na faktire yake, OCC na duane wakaiona. Mama wa paketi tano njo anakimbizwa.

Tangu Goma ilipoingia mikononi mwa M23 mwezi wa Januari 2025, na Bukavu mwezi wa Februari, jambo limekuwa ngumu zaidi. Banki zilifunga milango, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, na mali iliyolipiwa takse upande mmoja inaweza kulipishwa tena upande wa pili. Wamama wengi waliopoteza mtaji wa vitenge ao wa unga wameingia kwenye vitu vidogo vya feza kidogo, na gobele ni moja yao: haiozi, haivunjiki, inauzwa mojamoja. Kumwambia huyo mama aache bila kumwonyesha kingine ni kuongea tu.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, ambalo watu wa soko la dunia wanalisifu kama maendeleo. Kila mwaka viwanda vinajitahidi kupunguza uzito wa gobele. Plastiki kidogo, gharama kidogo, wanasema hata mazingira inapata. Huko kwao, ambako gari la takataka linapita mlangoni kila juma, labda ni kweli. Kwetu, anayeondoa plastiki barabarani si gari. Ni kijana mwenye kiroba, na yeye analipwa kwa kilo. Bidon tano za lita 20 zilizopasuka zinamtosha kupata kilo kadhaa. Kiti kimoja kilichovunjika, vilevile. Lakini ili apate kilo moja ya gobele, ainame mara 300 ao 400, mara moja kwa kila gobele, na nyingi ziko na matope ndani. Hakuna atakayefanya hiyo. Kadiri kiwanda kinavyofaulu kuifanya nyepesi, ndivyo yule wa kuiokota anavyokosa sababu ya kuinama. Usishangae basi mbona chupa za plastiki na bidon zinaokotwa mjini, na gobele zinabaki zimelala palepale.

Kuna tena shida ya aina. Pindua gobele yako chini, utaona kialama cha pembe tatu na nambari ndani. Nambari 5 ni polipropileni, ambayo inaweza kuyeyushwa na kuwa beseni ao kiti. Nambari 6 ni polistireni, ngumu na rahisi kupasuka, na wanunuzi wake kwetu ni kama hakuna. Nambari 1 ni ile ya chupa za maji. Ikiwa gobele yako ni hiyo, usitie buyi ya moto ndani, itajikunja mkononi mwako. (Hata nambari 6 haifai kwa mafuta ya moto, wamama wa beinye mwajua.) Kwa ziwa, tofauti ni hii: nambari 5 inaelea, unaweza kuikusanya kwa mtumbwi na wavu. Nambari 6 na nambari 1, zikijaa maji, zinazama. Huzioni tena, na watu wanasema ziwa limekuwa safi.

Ruzizi inaziona. Baraji ya Ruzizi I, pale ziwa linapotokea karibu na Bukavu, ilijengwa katika miaka ya 1950 na iko na mashine nne, jumla karibu megawati 30. Ruzizi II, ya mwaka 1989, tunaigawa na Rwanda na Burundi. Hakuna aliyeijenga akifikiria gobele. Takataka zinafika kwenye vyuma vya kuchujia maji, zinaziba, na wafanyakazi wanazitoa, wengine kwa kupiga mbizi chini kabisa, sababu zile zilizozama hazitolewi kwa mashua. Mwanzoni mwa mwaka 2023 mashine moja ilisimama kwa sababu hiyo, na habari ikazunguka dunia nzima. Sisi hatukuhitaji kusoma gazeti, tulijua kwa delestaji.

Na hapo njo kitanzi kinafunga. Kura ikikosa, pampu za maji nazo zinasimama. Muulize mama yeyote wa Goma ao wa Kadutu kwa nini ananunua gobele za kutupa kwa ndoa ya binti yake. Hatakuambia juu ya China wala petroli. Atakuuliza vikombe 300 ataviosha na maji gani, na bidon ya maji inauzwa ngapi siku robine zimekauka. Iko na haki. Bei ya gobele haishindani tu na bei ya kikombe. Inashindana na bei ya maji. Tunatupa gobele sababu maji hakuna, na maji yanakosa sababu gobele zimefika Ruzizi.

Mwezi wa Agosti 2025, wajumbe wa inchi nyingi walikutana Geneva ili kukubaliana mkataba wa dunia juu ya plastiki, wakaachana bila mkataba, kama vile walivyoachana Busan mwaka 2024. Tusingojee huko. Kuna mambo mawili yanayowezekana hapa. La kwanza ni la mpakani: milango ambamo konteneri zinapita inahesabika kwa vidole, na kukubali nambari 5 pekee, kukataa 6, ni kazi ya kupindua gobele moja na kuangalia chini yake. Haihitaji labo.

La pili tunalijua tangu tukiwa watoto. Hakuna mtu mu Kongo anayetupa chupa tupu ya Primus. Anairudisha kwenye kasiye, sababu bila chupa tupu hauziwi iliyojaa. Wenye kutengeneza yawurti mjini wangeweza kuanza na hilo kesho: chupa ya kurudisha, mteja anaacha makuta kidogo, anayapata akirudi. Na kwa ndoa, wenye kukodisha viti na maturubai wangeongeza vikombe vigumu vilivyooshwa tayari kwao, kwenye tangi yao ya maji ya mvua, ili familia isitafute bidon. Kwenye sherehe kila mgeni anapoteza gobele yake mara mbili tatu na kuchukua ingine, kwa hiyo kwa watu 300 unanunua 800. Kikombe cha kukodi kinahesabiwa jioni, na kama kimoja kimekosa, mwenyewe atakupigia simu asubuhi.