Zafarani Isiyoota Unguja

Miongoni mwa imani zilizokita mizizi kwa wasafiri wa Afrika Mashariki, wawe wageni wanaozuru Zanzibar au wenyeji wanaorejea kutoka kusalimia jamaa mikoani, ipo ile inayosema kwamba chakula au kiungo kilichonunuliwa mahali kinapotoka ndicho halisi na ndicho bora, na kwamba anayekibeba hadi nyumbani amejiepusha na udanganyifu wa maduka ya mjini. Kwa imani hiyo mchele hununuliwa Kyela, asali Tabora, zabibu Dodoma, mawese na dagaa Kigoma, viungo Unguja, na jina la mahali huachiwa kazi ambayo ingepaswa kufanywa na jicho, pua na maswali ya mnunuzi. Imani hiyo ni potofu, na madhara yake hayaishii katika sufuria ya aliyedanganyika, kwa kuwa ndiyo inayomneemesha mghushi na kumpunja mkulima.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni zafarani. Kwenye meza za viungo za Mji Mkongwe, na mwishoni mwa ziara za mashamba ya viungo, huuzwa vipakiti vya nyuzi za rangi ya machungwa vinavyoitwa zafarani, kwa bei ndogo kiasi cha kumfanya mgeni ajione amebahatika. Zafarani ya kweli ni vinyuzi vyekundu, vitatu tu kwa kila ua, vinavyochumwa kwa mkono kutoka katika ua la zambarau la mmea wa jamii ya krokasi, ambao hustawi penye kiangazi kikavu na majira ya baridi kali. Sehemu kubwa kabisa ya zafarani ya dunia hutoka Iran, hasa eneo la Khorasan, na kiasi kidogo hutoka Kashmir, Hispania na kwingineko. Kilo moja huhitaji maua yanayokadiriwa kufikia 150,000, na ndiyo maana bei yake huwa juu popote inapouzwa kwa uaminifu. Unguja ni kisiwa cha joto na unyevu, na mmea huo si zao lake. Kinachouzwa huko kwa jina la zafarani mara nyingi ni petali zilizokaushwa za kartamu, mmea wa jamii moja na alizeti, ambazo hutia chakula rangi lakini hazina harufu wala ladha inayotafutwa na mpishi wa pilau au halua.

Jambo la kusikitisha ni kwamba mnunuzi huyo huyo, kama angeuziwa petali hizo katika duka la Nairobi, Muscat au London, angeuliza zimetoka wapi, angezinusa, na pengine angezitazama kwa karibu aone kama ni nyuzi ndefu zilizopanuka kwenye ncha moja, jinsi zafarani ilivyo, au ni vipande vifupi vya ua lililosagika. Akiwa Unguja haulizi, kwa sababu anaamini kwamba kisiwa chenyewe kimekwisha kumjibu. Haifai kumtwika muuzaji mdogo lawama yote, kwani wageni ndio wanaofika wakiwa wameazimia kuondoka na zafarani ya Zanzibar, na soko hujaza haja inayoletwa mbele yake.

Wanaoitetea imani hii husema kwamba zafarani ni kisa cha pekee, na kwamba karafuu, inayomea visiwani kweli, haiwezi kutiliwa shaka. Historia ya karafuu inawapinga. Chimbuko lake ni visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo, na ni kuanzia mwaka 1770 tu ambapo juhudi za Mfaransa Pierre Poivre zilifikisha miche ya magendo Mauritius. Kutoka eneo hilo la Bahari ya Hindi mmea ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, ukaenezwa kwa kasi chini ya utawala wa Sayyid Said bin Sultan, kwa jasho la watumwa. Tufani ya mwaka 1872 iliangamiza mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba zao hilo. Sifa ya karafuu ya Pemba, basi, haikutoka ardhini peke yake, bali ilijengwa na mikono ya watu wanaojua kuchuma matumba kabla hayajafunguka, kuyatenganisha na makonyo, yaani vijiti vinavyoyashikilia, na kuyaanika juu ya majamvi kwa siku kadhaa za jua huku wakiyalinda na mvua. Karafuu zilizorundikwa mbichi huchacha, hupauka na kupungukiwa na mafuta, hata kama mti wake umesimama katikati ya Pemba.

Ubora wa karafuu umo katika mafuta hayo, ambayo sehemu yake kubwa ni yujenoli, kemikali inayoipa harufu yake na ule ukali unaotia ganzi ulimini. Mafuta hayo hutoroka. Katika karafuu iliyosagwa hutoroka upesi zaidi, na kipakiti chembamba cha plastiki kilichoachwa mezani juani kwa miezi humfikia msafiri kikiwa na unga wa kahawia uliobakiwa na harufu hafifu. Zaidi ya hayo, karafuu ya mkulima wa Zanzibar kisheria hununuliwa na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC), ambalo huiuza nje kwa shehena, kwa hiyo hakuna sababu ya kudhani kwamba daraja la juu limewekwa akiba kwa ajili ya mfuko wa mpita njia. Mwenye kutaka kujua anachonunua huchukua karafuu nzima na kuibana kwa ukucha atazame kama inatoa mafuta, kisha huitia katika maji, ambamo karafuu nzuri huzama au husimama wima, na iliyokwisha nguvu hulala juu. Kipimo hicho hufanya kazi Chake Chake sawasawa na kinavyofanya kazi Berlin.

Asali inaonyesha upande wa pili wa upotofu huu, ambao ni mchungu zaidi, kwa kuwa hapo msafiri hukataa kilicho halisi. Asali safi ya misitu ya miombo ya Tabora inaweza kuganda, kwa sababu glukosi iliyomo hujitenga na kuwa chembe, lakini wanunuzi wengi wakiona chembe hizo husema imetiwa sukari. Asali ya nyuki wadogo, wasiouma, kwa asili ni nyepesi na ina uchachu, lakini husemwa kuwa imetiwa maji. Aliyefunzwa kutegemea jina la mahali hakuwahi kujifunza tabia ya kitu chenyewe, na ndiyo maana huiacha ndoo ya mrina asali na kuchagua chupa ya kando ya barabara iliyo nzito, angavu na isiyoganda kamwe, sifa ambazo mpishi wa sukari huzipata bila taabu.

Hoja nzito zaidi ya watetezi ni kwamba kununua chimbukoni humnufaisha mkulima. Humnufaisha pale tu kilichouzwa kinapokuwa chake. Petali za kartamu hazimpi chochote mkulima wa Khorasan, na mgeni anapogundua nyumbani kwake kwamba amedanganywa, shaka yake huangukia pia iliki, dalasini na manjano halali yaliyokuwa juu ya meza ile ile.

Kinga ya jina ipo, nayo huitwa kiashiria cha kijiografia, maana yake haki ya kisheria inayoruhusu jina la mahali litumiwe tu kwa bidhaa iliyotoka hapo na kutimiza masharti ya uzalishaji yaliyoandikwa. Mwaka 2013 pilipili manga ya Penja na asali nyeupe ya Oku, zote za Cameroon, zilisajiliwa kwa njia hiyo, na Zanzibar ina sheria ya mwaka 2008 inayotambua viashiria vya aina hiyo. Usajili una maana kwa sababu unamtaka mzalishaji athibitishe, na unampa mnunuzi kitu cha kudai. Asali ya Tabora inastahili ulinzi wa namna hiyo. Pasipo ulinzi, mrina asali huuza kwa jina ambalo mtu yeyote mwenye sukari na jiko anaweza kulichukua, na anayemlipa mtu huyo ni msafiri aliyeamini kwamba kufika Tabora kunatosha.