Tunaombea gari, lakini je, tumeangalia freni?

Tangu uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa Januari 2025, safari nyingi za makanisa yetu zinapita barabarani. Kwaya inakwenda mkutano, wamama wanakwenda kwenye msiba, wachungaji wanakwenda sinodi. Tunakodi gari, tunapanda, mzee mmoja anaomba, tunaondoka. Ni mara chache mtu anauliza gari lenyewe lina piesi za umri gani.

Magari mengi hapa kwetu yalifika yakiwa yamekwisha kutumika miaka mingi kwingine. Piesi ikiharibika, fundi anatafuta nyingine sokoni: ao imetolewa ndani ya gari lililokufa, ao ni mpya ya bei ya chini isiyojulikana ilitengenezwa wapi. Hatumlaumu fundi wala mwenye gari. Piesi ya asili ni ya bei kali, na watoto wanataka kula.

Lakini mpira unazeeka hata ukilala dukani. Mpira wa gari wenye meno mazuri unaweza kuwa umekauka na kupasuka-pasuka pembeni. Ubavuni mwake, mwishoni mwa maandishi ya DOT, kuna tarakimu nne: 2314 maana yake ulitengenezwa juma la 23 la mwaka 2014. Viwanda vingi vinashauri usipite miaka 10, hata kama meno yangali yapo.

Freni ni vilevile. Mafuta ya freni yananyonya maji ya hewani mwaka kwa mwaka. Anayeshuka mlima wa Ngomo, kutoka Bukavu kuelekea Uvira, anakanyaga freni muda mrefu. Zinapata moto, yale mafuta yenye maji yanachemka na kutoa mvuke, na pedali inazama bila gari kusimama. Asubuhi mjini freni zilikuwa zinashika vizuri. Ndiyo maana watu wanasema zilikatika ghafla. Kumbe zilikuwa zinachoka tangu miaka.

Baada ya ajali tunasema makaburini kwamba Mungu amependa. Tuwe waangalifu na neno hilo. Kutoka 21 inatofautisha ng'ombe anayepiga mtu kwa mara ya kwanza na yule ambaye mwenyewe alikwisha kuonywa, wala hakumfunga. Kwa huyo wa pili, mwenye ng'ombe anahesabiwa hatia. Sisi tumekwisha kuonywa.

Kontrole tekiniki ipo, ila karatasi haisimamishi gari mlimani. Basi kila kanisa limchague msimamizi wa safari. Kabla ya kulipa, asome tarakimu za mipira, amuulize dereva mafuta ya freni yalibadilishwa lini, na wapatane kwamba mlimani atashuka polepole kwa vitesi ndogo. Majibu yasipotosheleza, tutafute gari lingine hata likiwa la bei zaidi. Nyongeza hiyo tuichange kabla ya safari, maana pesa ya matanga huwa tunaichanga bila kuuliza.